Mchezo Tuliocheza Kaniama, Mwaka wa Treni

Mpwa wangu, siku hizi jina la Kaniama likitajwa redioni, ujue habari inayofuata ni ya vijana walioshindikana mjini. Tangu mwaka 2020 serikali imekuwa ikiwakusanya wale wanaoitwa kuluna, vijana wa mapanga wa mitaa ya Kinshasa, na kuwaleta huku kwetu Kaniama-Kasese, kwenye kambi ya Service National, shirika lililoundwa na Mzee Laurent-Désiré Kabila mwaka 1997. Wanalima mahindi na kufundishwa ufundi. Wako wanaosifu kazi hiyo, na wako wanaouliza ni kwa haki gani kijana anapelekwa mbali hivyo na kwao. Leo sitaingia katika mjadala huo. Nataka kukueleza jambo lililotangulia, la wakati Kaniama ilipokuwa na vijana wake yenyewe wa fimbo na mawe, watoto tuliokaa nao dawati moja, na mwalimu mmoja aliyejaribu kuwafikia kabla mkono haujainuka. Wewe utaanza kufundisha Kamina Septemba hii. Ni haki yako kujua kazi hiyo ilifanywaje, maana utaikuta inakusubiri mlangoni.

Uijue kwanza Kaniama ya siku zile. Mji uliishi kwa reli. Njia ile ya kampuni ya reli ya BCK, iliyokamilika mwaka 1928 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, inatoka Kamina, inapita kwetu, inaelekea Mwene-Ditu, na Kasai iko karibu kiasi kwamba mama zetu walikwenda kuuza huko na kurudi. Ukifika kituoni asubuhi ulipokewa na harufu ya dizeli iliyochanganyika na mawese ya moto, samaki mkavu wa kutoka Bukama, na makaa yaliyopangwa kwenye mifuko kando ya njia. Msimu wa mahindi vumbi la unga lilijaa karibu na vinu, likatua kwenye nyusi za wasagaji mpaka vijana wote wakaonekana wazee. Jioni kila ua lilikuwa na moshi wake, bukari na sombe jikoni, munkoyo kwenye mtungi, na mahali fulani nyuma ya nyumba, kwa wenye kiu kubwa zaidi, lutuku, pombe kali. Tulikuwa Waluba, Wakanyoka, Wasonge, na watu wa Kasai ambao babu zao waliletwa Katanga na kampuni ya reli na kampuni ya migodi ya Union Minière kuwa makarani, mafundi na wachimba migodi. Watu walikuwa wameoleana mno. Hukuweza kurusha jiwe Kaniama bila kumpata shemeji yako.

Halafu ikaja siasa. Mwaka 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi. Huku kwetu, mkoa ukiitwa bado Shaba, chama cha UFERI cha Nguza Karl-i-Bond kilishika miji na vijiji, na mwaka 1991 Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguza, mtu wa Katanga. Mwezi uleule Likasi ikaanza kuwaka. Vijana wa chama, waliojulikana kama JUFERI, wakawatoa watu wa Kasai majumbani, nao wakakimbilia shuleni na kituo cha treni. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Malaki ya watu waliozaliwa Katanga, wengi wasiojua hata njia ya kufika kijiji cha babu zao, wakaambiwa warudi kwao. Na njia iliyobaki wazi kwa wengi wao ilikuwa treni, kupitia Kamina, kupitia Kaniama.

Nilikuwa kijana wa sekondari. Pesa nazo zilikuwa zimepoteza maana. Noti ya zaire milioni 5 ilipotoka, Kasai waliikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, nayo wakaikataa, wakaendelea na noti zao chakavu. Kaniama ikabaki katikati. Mama yangu, bibi yako, alikuwa akiuza karanga na dagaa, na alivaa vifuko viwili kiunoni, kimoja cha fedha ya Shaba, kingine cha fedha ya Mwene-Ditu, na bei ya kipimo cha meka moja ya mahindi ilitegemea mnunuzi ametokea upande gani. Asubuhi alinituma niulize bei kituoni kabla hajaamua kupanga meza yake. Serikali haikuwalipa walimu, wazazi ndio waliowalipa, nusu kwa noti na nusu kwa mazao, na mwisho wa mwezi ungemwona mwalimu akisukuma baiskeli kurudi nyumbani, debe la mahindi limefungwa nyuma, kuku ananing'inia kwenye usukani.

Treni za waliofukuzwa hazikuwa na ratiba. Ilikuja moja mchana, nyingine usiku wa manane, kisha siku kadhaa kimya. Yalikuwa mabehewa ya mizigo yaliyojaa hadi mlangoni, na juu ya paa watu waliojifunga kwa kamba pamoja na magodoro, cherehani, hata milango ya mbao waliyoing'oa kwenye nyumba walizojenga kwa jasho lao. Injini zilikuwa chache na njia mbovu, kwa hiyo treni iliweza kusimama kwetu siku nzima juani. Harufu ilikufikia kabla hujaliona behewa, harufu ya mkojo, ya jasho, ya maziwa ya mtoto yaliyochacha, na mara nyingine ya maiti. Surua iliwala watoto. Waliokufa njiani walishushwa, wakazikwa karibu na reli na watu ambao dakika kumi baadaye walikuwa wanakimbia kurudi kupanda. Namkumbuka mzee mmoja aliyevaa koti la suti, kalamu tatu mfukoni, bila shaka alikuwa karani mahali fulani. Alishika birika tupu la enameli akiomba maji kwa Kifaransa safi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluba cha Kasai, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Na maji yalikuwa yanauzwa. Vijana wa mtaani kwetu walichota kisimani bure, wakauza. Asubuhi kikombe kilikuwa bei ya kiganja cha karanga. Treni ikichelewa kuondoka, ilipofika saa nane mchana kikombe kilekile kilibadilishwa na kitenge.

Hiyo ilikuwa biashara ya tamaa, na tamaa tunaijua. Usiku kulikuwa na jambo baya zaidi. Watu wazima fulani walianza kuwaita vijana kwenye vikao nyuma ya maghala. Binamu yangu, mwana wa shangazi, alinichukua nikaone. Hakuna aliyetuambia tukapige mtu. Walitufundisha nyimbo. Walitugawia mkate, na wakubwa wetu wakapewa lutuku. Kisha wakatupanga mistari miwili, mmoja kila upande wa njia, fimbo begani, na mmoja wetu akaambiwa apite katikati akijifanya Mkasai anayekimbilia treni, aombe, alie, na sisi tumcheke na kumwita bilulu, wadudu. Tulicheka kweli. Binamu aliendelea kwenda, akaniambia baadaye kwamba siku zilivyosonga yule wa katikati hakuwa anacheka tena, kwa sababu fimbo zilikuwa zimeanza kumgusa. Nilipomsimulia baba, aliweka kikombe chake chini, akakaa kimya kitambo. Mwaka 1960, Tshombe alipotangaza tarehe 11 Julai kwamba Katanga imejitenga, baba alikuwa kijana wa chama cha Balubakat, upande wa Jason Sendwe aliyepinga kujitenga huko, na vijana wa Balubakat kaskazini mwa Katanga walipigana kwa mishale na minyororo ya baiskeli. Sikuwahi kumsikia akizungumzia siku hizo. Usiku ule alisema neno moja tu: "Na sisi walianza kwa kutufundisha nyimbo."

Shuleni mambo yalikuwa yameingia pia. Tulikuwa na mwenzetu ambaye baba yake, fundi wa reli, alikuwa na asili ya Kasai. Alizaliwa Kaniama, alicheza mpira nasi, Kiluba chetu alikisema vizuri kuliko mimi. Mwaka ule dawati lake likabaki na nafasi wazi upande wa kulia, na hakuna aliyetoa amri liwe hivyo. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliona. Alikuwa mtu mfupi, shati la mikono mirefu limefungwa hadi kifungo cha juu hata kukiwa na joto, miwani imeshikizwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa amesoma Lubumbashi miaka ya themanini, na huko, badala ya kushinda maktaba tu, alifuata michezo ya kuigiza ya kundi la mwigizaji Mufwankolo. Wewe labda umelisikia jina tu. Sisi tulimsikiliza redioni tukiwa tumezunguka makaa, akitupa watu tunaowajua, mume mlevi, mkubwa mla rushwa, mke asiyekubali kuonewa, wote wakizungumza Kiswahili cha Katanga jinsi kinavyozungumzwa sokoni. Kundi lile halikuanza na maandishi. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipotengeneza mchezo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na akachapisha kitabu juu yao mwaka 1990. Mwalimu wetu hakuwa na kitabu hicho. Aliijua njia yenyewe kwa macho, akaileta darasani.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya kufyeka uwanja. Tulikuwa tunanuka majani mabichi na jasho. Mwalimu alisogeza madawati ukutani, akasema kisa ni kituo cha treni, bila jina la kituo. Akagawa nafasi: muuza maji, mzee mwenye birika, mama mwenye mtoto, vijana wanne wenye mawe, mkubwa wa hao vijana, na askari wa reli anayetazama pembeni. Mwenzetu wa Kasai alimpa nafasi ya mkubwa wa wenye mawe. Binamu yangu alimpa nafasi ya mzee mwenye birika. Binamu alikataa palepale, akasema hawezi kuwa yule. "Basi kaa, utazame," mwalimu akamjibu bila hasira, akamweka mwingine. Yule mwingine alicheza ovyo, akatetemesha mikono na kukohoa ili tucheke. Binamu alivumilia kidogo, kisha akainuka, akamnyang'anya birika. Alikuwa amewaona wazee wenyewe kituoni na hakupenda wanavyoigizwa.

Mawe yalikuwa mabonge ya udongo uliokauka. Tulicheza hadi mwisho mbaya: mzee anaomba maji, muuza maji anapandisha bei, mkubwa anapiga mluzi, mawe yanarushwa, mzee anaanguka, askari anageuza shingo. "Mwisho," alisema mwalimu. "Nani ameridhika?" Hakuna aliyejibu. "Basi tunarudia tangu mwanzo. Ukiona mahali ambapo wewe ungefanya vingine, piga makofi, sema simama, ingia uchukue nafasi ya mtu mmoja. Lakini huruhusiwi kuleta malaika, wala jeshi lishuke kwa ndege. Utakuwa wewe tu, na mikono yako, na watu waliopo." Tukarudia. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mwenye nguvu kuliko wote. Aliingia, akamkamata mkubwa ukosi. Wale wanne wakamgeukia, wakamlaza chini kando ya mzee. "Na sasa?" aliuliza mwalimu. Tukahesabu walioanguka, wamekuwa wawili. Akaingia mwingine, mtoto wa katekista, akawahubiria juu ya Kaini na Abeli. Wenye mawe wakaanza kuimba, sauti yake ikapotea. "Na sasa?" Hilo ndilo swali alilotuuliza mchana kutwa. Hakumpongeza mtu, hakumkemea mtu.

Aliyetuchukulia muda mrefu kuliko wote ni yule aliyeingia mahali pa muuza maji. Alisema maji ni bure, akaanza kugawa. Msichana mmoja akapiga makofi, akasimama kama mama yake muuza maji, mikono kiunoni: tutakula nini leo? Hapo darasa likawaka. Wengine walisema maji ni ya Mungu. Wengine wakasema kamba ya kisima na ndoo si za Mungu, zilinunuliwa sokoni kwa fedha. Walihesabu vikombe kwa ndoo, safari za kisimani, bei ya kamba. Mwishoni walikubaliana kwamba kikombe cha kwanza kitolewe bure kwa kila mtu, watoto wasidaiwe kamwe, na anayetaka kujaza chombo cha safari alipe bei ya karanga ya asubuhi, isipande jua linapopanda. Mpwa wangu, nimekaa katika mikutano mingi ya watu wazima tangu siku ile, na si yote iliyofikia uamuzi mzuri namna hiyo.

Kisha akasimama msichana ambaye alikuwa hasemi darasani, binti wa muuza mikate, vidole vyake vina alama za kuungua kwenye karai. Akachukua nafasi ya mama mwenye mtoto. Mtoto alikuwa kitambaa kilichoviringishwa. Wote waliotangulia kwenye nafasi ile walikuwa wamekimbia au kupiga magoti. Yeye alitembea moja kwa moja hadi kwa mkubwa wa wenye mawe, mwenzetu wa Kasai, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya sokoni, "Mjomba, nishikie huyu nifunge mzigo wangu," na akamwekea mtoto mikononi. Mwenzetu alikuwa na bonge la udongo mkono wa kulia. Alimtazama mwalimu, mwalimu hakumsaidia. Akajaribu kumshika mtoto kwa mkono mmoja, kichwa cha kitambaa kikaning'inia, na wasichana wakapiga kelele kwamba anamvunja shingo. Akaingiza bonge kwapani. Likateleza, likaanguka, likapasuka miguuni pake. Msichana alikuwa ameinama, anafunga mzigo taratibu, kama hana haraka ya kwenda popote. Watatu kati ya wale wanne walishusha mikono. Wa nne alirusha. "Na sasa?" aliuliza mwalimu, na kengele ikatukuta bado tunabishana kama jiwe moja ni nafuu kuliko manne.

Tulipotoka nje, binamu alikuwa anakung'uta vumbi mgongoni. Alikuwa ameanguka kila tuliporudia. Akaniambia, "Ukiwa chini huoni nyuso. Unaona magoti tu, na yote yanafanana." Hakusema zaidi.

Mwalimu aliendelea Jumamosi baada ya Jumamosi, na kabla ya likizo akawaalika wazazi. Habari ikafika kwa wale wa vikao vya usiku. Alifikiwa nyumbani, akaambiwa achunge ulimi wake. Hakuacha, ila alibadili kisa. Kituo kikawa soko la kijiji cha mbali, waliofukuzwa wakawa wageni waliosingiziwa wizi wa mbuzi. Kila mtu uwanjani alijua ni nini kinachosemwa, na hakuna aliyeweza kumshika kwa neno. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani aliingia kutoka kwa watazamaji, akachukua nafasi ya askari aliyekuwa akitazama pembeni, akaanza kuwaita vijana kwa majina ya mama zao, mmoja mmoja. Wengine walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anawajua kweli.

Sitakudanganya kwamba mchezo ulizuia treni hata moja. Amri ilikuwa imetoka kwa wakubwa, na watoto wa shule hawana dawa ya amri ya wakubwa. Mawe yaliendelea kurushwa. Mmoja wa darasa letu, aliyeigiza askari vizuri kupita wote, alifuata kundi la vijana akaenda upande wa kusini, na nyumbani kwao walimngoja bila kumwona tena. Mwenzetu wa Kasai na jamaa yake waliondoka kwa lori alfajiri moja kuelekea Mwene-Ditu, tukawabebea cherehani hadi barabarani. Hata hivyo niliona mambo kwa macho yangu. Dawati lake, kabla hajaondoka, lilipata mtu wa kukaa upande wa kulia. Treni iliyofuata ilipokuja, watoto wa darasa letu walikwenda na ndoo, na kikombe cha kwanza kikatolewa bure, na muuza maji aliyepandisha bei alizomewa na watoto wenyewe. Binamu hakurudi nyuma ya maghala. Shangazi alimfungia mlango, ni kweli, lakini kijana wa umri ule akitaka kutoka hutokea dirishani. Hakutokea dirishani.

Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba kuna wengine duniani waliofika mahali alipofika mwalimu wetu. Augusto Boal wa Brazili, aliyelazimishwa kuihama nchi yake mwaka 1971, alisimulia jinsi alivyokuwa Peru mwaka 1973, mwanamke mmoja mtazamaji akakataa kila namna waigizaji walivyojaribu kucheza shauri lake, mpaka Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Kutoka hapo ikaenea njia ya mtazamaji kuingia mchezoni. Karibu zaidi nasi, Tanzania, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa vijijini tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini wakifanya sanaa za maonyesho pamoja na wananchi. Mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme katika shule za sekondari, wasichana wakitafuta wenyewe nini kinachowakwamisha, wakikiigiza, wakikijadili na watazamaji, kisha wakidai hatua. Shirika la FAWE likaipeleka Tuseme nchi nyingine za Afrika. Na huku mashariki mwa Kongo, baada ya vita, shirika la Search for Common Ground lilizunguka na michezo ya namna hiyo. Nilifurahi kusoma hayo yote. Lakini mimi nilikuwa nimeona tayari, kwenye darasa lenye sakafu ya saruji iliyopasuka.

Nikawa mwalimu. Aprili 1997 majeshi ya AFDL, waasi wa Mzee Kabila, yaliingia Mbuji-Mayi tarehe 4 na Lubumbashi tarehe 9, na pamoja nayo kadogo, askari watoto wenye bunduki zinazoburuta chini. Wanafunzi wetu walizitazama buti zao kwa wivu. Mwaka uliofuata vita vikaanza tena, Wazimbabwe wakaja kuilinda Kabinda, na wapiganaji wa Mai-Mai wakaota katika kila msitu wa kaskazini mwa Katanga. Kila upande ulihitaji watoto. Nikasogeza madawati ukutani. Kisa changu kilikuwa cha mtu mwema anayekuja na biskuti na viatu, akimwita mtoto "komanda". Wanafunzi walianza, kama tulivyoanza sisi, na majibu ya ushujaa, na mtu mwema akawacheka na kuwachukua. Kisha wakavumbua majibu madogo. Baba ananiita. Nina homa. Ngoja nimrudishe mdogo wangu nyumbani. Mguu wangu ni mbovu, tazama nachechemea. Darasa zima lilijifunza kuchechemea. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama huo si uwongo na woga. Nilimjibu kwamba anayerudi nyumbani akichechemea kwa makusudi amerudi nyumbani, na kesho atakuja darasani.

Hilo ndilo nililotaka ulibebe kwenda Kamina. Watu wanapoona kijana na panga hudhani ni ghadhabu iliyomlipuka ghafla, au ni njaa. Ghadhabu ipo na njaa ipo, lakini wengi wenye njaa hawashiki panga. Aliyeshika amezoeshwa. Kuna mtu aliyemfundisha wimbo, akampanga mstari, akampa jina la kumwita mwenzake, akamrudisha kesho yake afanye tena mpaka mwili wake ukajua bila kuuliza kichwa. Sisi tunamjibu kwa nini? Kwa hotuba ya asubuhi bendera ikipandishwa, na kwa tangazo ukutani. Kijana amefanyishwa mazoezi ya kupiga usiku wa majuma mengi, na hajapewa hata nusu saa ya mazoezi ya kukataa. Atakataaje, na mbele ya wenzake, jambo ambalo mdomo wake haujawahi kulisema?

Kwa hiyo uombe saa moja kwa juma, uipiganie kama unavyopigania chaki. Usiandike maneno ya mchezo, kisa kitoke kwao. Yule unayemwogopea kuliko wote mpe nafasi ya anayepigwa, na akikataa mwache atazame, usimlazimishe. Yule anayetengwa usimfanye aigize kutengwa kwake mbele ya watu, mpe nafasi yenye nguvu. Acha mchezo ufike mwisho mbaya kwanza, wauone wote. Usimsifu anayejaribu wala usimzomee, muulize tu matokeo yake ni nini, na ukubali kwamba majibu mengine yatashindwa. Waite mama, waite na wale walioacha shule, wanaoshinda kituoni. Mkubwa yeyote akitaka kiti cha mbele, mpatie nafasi ya kuigiza kama wengine. Hali ikiwa ya hatari, peleka kisa kwenye kijiji cha mbali. Na uanze na wadogo, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, maana samaki hukunjwa angali mbichi, na hata wale wa nyuma ya maghala wanaijua methali hiyo. Sisi wao walituita tukiwa tumeshaota ndevu, na bado mwalimu mmoja alimtoa binamu yangu mikononi mwao. Ukianza mapema kuliko wao, utawatoa wengi zaidi.